Mama Kwanza: Jinsi ya Kuzalisha Farasi wa Kuruka Viunzi Kwenye Kompyuta

Farasi aliyeshinda Grand National kwa kawaida hatakuzalia mtoto. Karibu wote wanaotamba katika mbio za kuruka huko Uingereza na Ireland walihasiwa wakiwa wadogo, ili watulie na wadumu kazini miaka mingi. Arkle, ambaye wengi humtaja kuwa bora kupita wote waliowahi kuruka kizuizi, alikimbia mara 35, akashinda 27, na hakuacha hata mtoto mmoja. Red Rum, mshindi wa Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977, ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mbinu uliyoizoea kwenye mbio za tambarare, ya kununua bingwa na kumpandisha kwa bingwa mwenzake, hukwama mara tu unapohamia upande wa viunzi.

Michezo ya kuendesha zizi la farasi iko mingi. Derby Stallion, mmoja wa ile iliyoanzisha mtindo huu, ulitoka Japani mwaka 1991, na baada yake imekuja ya kompyuta, ya simu na ya kuchezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja. Kila mmoja una majina yake ya alama na hesabu zake za siri, na hesabu hizo hubadilika toleo jipya likitoka. Kwa hiyo hapa hutapata namba za kunakili. Utapata mantiki ya mashamba halisi ya farasi wa kuruka, ambayo waundaji wa michezo hii hujaribu kuiga, pamoja na njia ya kujipimia kama mchezo wako unaifuata kweli.

Unazalishia mbio zipi?

Jibu swali hili kabla hujanunua chochote, maana "mbio za kuruka" ni jina moja lililobeba kazi tatu.

Kwanza kuna mbio za chipukizi, zisizo na kiunzi hata kimoja. Ni za tambarare, kiasi cha kilomita 3 hivi, za kumzoesha farasi kelele, msongamano na safari. Kisha kuna viunzi vyepesi, vyenye kimo kisichopungua mita 1.07, ambavyo huinama farasi akivigusa. Huko farasi hapunguzi mwendo. Anavipita kama anavikanyaga. Mbio kuu za aina hii, Champion Hurdle za Cheltenham, zina viunzi 8 katika kilomita 3.3. Mwisho kuna vizuizi vikubwa vya fito zilizofungamana, kimo kisichopungua mita 1.37, visivyomwonea huruma farasi anayekosea hatua. Cheltenham Gold Cup ina vizuizi 22 katika kilomita 5.3. Grand National ina 30 katika takriban kilomita 6.9, na tangu 2024 huruhusu farasi 34 tu badala ya 40 wa zamani.

Anayefuatilia riadha anaijua tofauti hii kwa macho. Wakenya walitwaa dhahabu ya wanaume ya Olimpiki katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji kila waliposhiriki, kuanzia 1968 hadi 2016, na mbio hizo zenyewe zilizaliwa kutokana na mbio za farasi. Lakini hakuna kocha ambaye angempanga Ezekiel Kemboi, mmoja wa mabingwa hao, mita 400 za viunzi.

Kama ndio unaanza, zalishia viunzi vyepesi. Majibu utayapata miaka miwili au mitatu mapema kuliko kwenye vizuizi vikubwa, na farasi wa viunzi anayeanza kuzidiwa kasi bado anaweza kupandishwa akaruka vizuizi, ambako pumzi na usahihi wa hatua hufidia kasi iliyopungua. Kurudi chini ni kugumu zaidi.

Jike ndiye mtaji

Bingwa wa kiume wa kuruka amehasiwa. Bingwa wa kike hajahasiwa. Hiyo ina maana kwamba, ukiacha madume wachache, uwezo wa kuruka uliothibitishwa uwanjani huingia shambani kwako kupitia mlango mmoja tu, nao ni mlango wa mama. Ajabu ni kwamba wachezaji wengi hutumia robo tatu ya fedha zao kulipia dume, kisha humpandisha kwa jike waliyemwokota mnadani kwa sababu alikuwa rahisi.

Fanya kinyume. Tafuta jike aliyekimbia na kushinda juu ya viunzi, hata kama ni ushindi wa daraja la kati. Majike wa daraja la juu wapo na wameacha rekodi zinazotisha: Dawn Run ndiye farasi pekee aliyeshinda Champion Hurdle (1984) na Gold Cup (1986), Quevega alishinda mbio za majike za Cheltenham mara sita mfululizo, 2009 hadi 2014, Honeysuckle alitwaa Champion Hurdle mwaka 2021 na 2022. Katika Champion Hurdle na Gold Cup majike hupunguziwa mzigo wa takriban kilo 3 wanapokabiliana na madume. Angalia kama mchezo wako unafanya hivyo pia. Kama unafanya, jike wako atajilipia chakula chake uwanjani kabla hajaanza kuzaa.

Kama huna fedha za jike bingwa, basi nunua dada yake. Hapa ndipo mchezaji makini anapomwacha mwenzake mbali. Fungua ukurasa wa nasaba, usiishie kwenye alama za jike mwenyewe. Tazama watoto wa mama yake: wangapi walifika uwanjani, wangapi walishinda juu ya viunzi, wangapi walikuwa bado wanakimbia wakiwa na miaka minane. Jike ambaye hakuwahi kukimbia, lakini ndugu zake watatu wa tumbo moja waliruka vizuizi hadi uzeeni, ana thamani kubwa kuliko jike mwenye ushindi mmoja wa kubahatisha na ukoo usiojulikana. Sokoni atauzwa bei ya chini, kwa sababu michezo mingi hupanga bei kwa kuangalia rekodi ya farasi mwenyewe. Pengo hilo ndilo lako.

Angalizo moja: katika lugha ya wafuga farasi, ndugu ni wa mama. Dume mmoja anaweza kuwa na watoto zaidi ya 100 kwa msimu mmoja, hivyo "baba mmoja" haimaanishi lolote la kujivunia. Usishawishike na tangazo la mnada linalokumbusha kwamba jike huyu "ni damu moja na bingwa fulani" wakati undugu wenyewe ni wa baba.

Mama yake Arkle, Bright Cherry, alikuwa mshindi wa mbio za kuruka. Baba yake, Archive, hakushinda chochote cha maana na ada yake ilikuwa ndogo. Sisemi kila dume rahisi atakupa Arkle. Nasema tu kwamba fedha zikiwa chache, unajua zianzie wapi.

Dume: mtafute upande wa pili

Kwa kuwa mabingwa wa kuruka wamehasiwa, madume ya mbegu ya viunzi hutoka mbio za tambarare. Hilo huwachanganya wageni, lakini lina utaratibu wake. Sadler's Wells, aliyeongoza orodha ya madume ya Uingereza na Ireland mara 14, alisifika kwa watoto wa tambarare; hata hivyo Istabraq, aliyeshinda Champion Hurdle mara tatu kuanzia 1998, ni mwanawe. Wana wengine wa Sadler's Wells waligeuka kuwa nguzo za mashamba ya viunzi: Old Vic, King's Theatre, Oscar, Kayf Tara. Montjeu, mwanawe mwingine, ndiye baba wa bingwa wa viunzi Hurricane Fly, na pia ni baba wa Walk In The Park, farasi aliyeshika nafasi ya pili katika Derby ya Epsom mwaka 2005.

Kisa cha Walk In The Park kikusaidie kununua. Alianza kazi ya udume Ufaransa bila kelele, akipewa majike wachache. Kisha watoto wake wawili, Douvan na Min, wakaanza kuwanyanyasa wenzao, naye akahamishiwa Ireland akawa dume la kugombewa. Katika mchezo, muda wa kumtumia dume wa namna hiyo ni kabla Douvan hajashinda. Kila msimu pitia orodha ya madume wapya wa ada ya chini na uwachuje kwa vigezo hivi.

La kwanza ni masafa: awe alishinda mita 2,400 au zaidi. Waliotamba kwenye mita 4,000 za Ascot Gold Cup, kama Yeats aliyezitwaa mara nne mfululizo kuanzia 2006, au Kayf Tara aliyezitwaa mara mbili, ni mfano wa unayemtaka. Mwenye kasi ya mita 1,200 mwache aende zake hata kama alama zake zinang'aa dhahabu.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni umri na idadi ya mbio. Dume aliyestaafu akiwa na miaka mitatu baada ya mbio tano anaweza kuwa na kipaji kikubwa na miguu ya kioo. Huna njia ya kujua. Aliyekimbia mara 25 hadi akiwa na miaka sita amekuonyesha mwenyewe kwamba kano zake zinahimili. Farasi wa kuruka hutua na uzito wa karibu nusu tani juu ya miguu miwili ya mbele, mara ishirini na zaidi katika mbio moja. Kama mchezo wako unaonyesha historia ya majeraha, isome kabla ya kusoma kasi.

La tatu ni hali ya uwanja. Mbio za kuruka hufanyika sana majira ya baridi, na majira ya baridi ya Ulaya ni tope. Dume aliyeshinda uwanja mkavu pekee atakupa watoto wa kukaa zizini kuanzia Novemba hadi Machi.

Ufaransa ni soko la kulitazama peke yake. Kule farasi huanza kuruka wakiwa na miaka mitatu, na kuna kundi la farasi waitwao AQPS, ambao nasaba yao ina damu ya nje ya daftari la farasi wa mbio wa asili safi. Mkubwa kama Sprinter Sacre alitoka humo. Kama mchezo umewaweka Wafaransa hawa kwenye orodha, wanunue majike wao: hukomaa vizuri, huja na damu ambayo shamba lako halina, na mara nyingi wachezaji wenzako huwapita kwa sababu majina ya mababu zao hawayatambui.

Miaka ndiyo ghali

Chukua karatasi uandike. Jike wako anapandishwa Aprili. Mimba ya farasi ni miezi 11, hivyo anazaa Machi ya mwaka unaofuata. Mtoto anaonja viunzi akiwa na miaka mitatu au minne, vizuizi akiwa na mitano au sita, na anafika kileleni akiwa na minane hadi kumi. Ukizalishia Gold Cup, utakuwa umesubiri karibu miaka kumi ya mchezo kujua kama ndoa ile ilifaa. Katika muda huo mama yake anaweza kuwa amezaa wengine saba au wanane, na sasa ni bibi.

Ndiyo maana kusubiri majibu ya mtoto wa kwanza kabla ya kuamua la mtoto wa pili ni kupoteza shamba. Unahitaji dalili za mapema. Mbio za chipukizi ni dalili nzuri: zinakuambia kuhusu pumzi na utulivu. Alama ya kuruka katika mazoezi, kama mchezo unaionyesha, ni dalili nyingine. Umbile la mifupa ni ya tatu. Hakuna hata moja inayotosha peke yake, lakini watoto watatu wa jike mmoja wakionyesha dalili hiyo hiyo, uamuzi umeshafanyika: mpeleke mama sokoni au mwongezee dume bora.

Kalenda ina upendeleo mmoja kwa watu wa viunzi. Kaskazini mwa dunia farasi wote wa mbio huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Juni akifika miaka miwili ya karatasi anakimbizana na aliyezaliwa Februari, na kwenye tambarare hiyo ni hasara kubwa. Kwenye vizuizi, farasi wa miaka saba aliyezaliwa Juni hadaiwi chochote. Kwa hiyo watoto wa kuchelewa, ambao wachezaji wa tambarare huwatupa mnadani kwa bei ya kutupa, ni mali yako. Na jike wako akichelewa kushika mimba, mpandishe tena Mei. Usimwache mwaka mzima mtupu.

Majike unaotaka kuwageuza kuwa mama usiwakimbize mpaka wachakae. Wakiwa na ushindi wa viunzi mkononi na umri wa miaka sita au saba, warudishe shambani. Binti wa kwanza wa jike wako bora usimuuze hata ukiahidiwa nini. Huyo ndiye anayerudisha muda uliopotea.

Damu moja kupita kiasi

Waliotoka kwenye michezo ya Kijapani huja na kanuni ya 3×4: babu mmoja aonekane kizazi cha tatu upande mmoja na kizazi cha nne upande wa pili, damu yake ifike asilimia 18.75. Wajapani huiita damu ya muujiza, na katika michezo inayoifuata, mtoto hupata msukumo wa kasi kwa kulipia afya.

Kwenye tambarare biashara hiyo inaweza kukufaa, maana farasi akifanya makubwa mwaka mmoja amemaliza kazi. Farasi wa kuruka anaishi kwa afya. Asilimia chache za kasi hazimsaidii aliye machelani kila Januari. Ushauri wangu ni kuiweka kanuni hiyo kando na kutafuta damu ngeni, hasa ukiona jina la Sadler's Wells limejaa pande zote za nasaba, jambo la kawaida kwa majike wa Ireland. Mashamba halisi yaliligundua hilo yakageukia Ujerumani, ambako dume hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuzalisha. Ukoo wa Monsun ulitoka huko: mwanawe Shirocco ndiye baba wa Annie Power, jike aliyeshinda Champion Hurdle ya 2016, na mwanawe mwingine, Network, ndiye baba wa Sprinter Sacre niliyemtaja.

Pima, usiamini

Mchezo wa peke yako unaoruhusu kuhifadhi nakala una maabara ndani yake. Hifadhi siku moja kabla ya kuzaliwa, acha mtoto azaliwe, andika alama zake, rudi, rudia. Mara kumi zinatosha kukuonyesha mambo mawili: wastani wa watoto wa wazazi hao na upana wa bahati kuzunguka wastani huo. Iwapo kila mara anatoka yule yule, basi mchezo huamua siku ya kupandisha. Rudi nyuma zaidi. Ukiona wastani unaangukia katikati ya baba na mama, kasoro ya mzazi mmoja inazibwa na mwenzake, na unaweza kumpandisha jike mwenye pumzi nyingi kwa dume mwenye kasi kiasi. Ukiona watoto wanavutwa kwenye wastani wa farasi wote wa mchezo, lipia ubora wa ukoo mzima, maana alama kubwa ya mzazi mmoja itapotea njiani.

Kwenye mchezo wa mtandaoni hakuna kurudi nyuma. Huko daftari ndilo maabara: baba, mama, masafa, hali ya uwanja, mara alizoanguka, umri wa jeraha la kwanza. Safu ya kuanguka usiiache. Anayeanguka mara moja alikosea. Ukoo unaoanguka una tatizo.

Ukikutana na farasi anayekwenda kinyume na yote haya, usibadilishe mpango. Red Rum mwenyewe alizalishwa kwa mbio fupi, na mbio zake za kwanza, akiwa na miaka miwili, zilikuwa za takriban kilomita moja tu, pale pale Aintree, uwanja wa Grand National, mwaka 1967, ambapo alifungana nafasi ya kwanza. Wapo. Ila hawazalishwi kwa makusudi.

Limebaki swali la kuhasi, ambalo michezo mingi hukuuliza mtoto wa kiume akifika miaka miwili au mitatu. Anayehasiwa huwa mtulivu na husikiliza mazoezi ya kuruka. Asiyehasiwa hubaki na nafasi ya kuwa baba. Nafasi hiyo ni finyu, ila ipo. Oju Chosan wa Japani, mtoto wa Stay Gold, hakufua dafu kwenye tambarare alipoanza, akahamishiwa kuruka bila kuhasiwa, akashinda Nakayama Grand Jump ya mita 4,250 mara sita, tano mfululizo kuanzia 2016 na ya sita mwaka 2022 akiwa na miaka 11, kisha akaenda kuwa dume la mbegu. Mimi huhasi wote isipokuwa mtoto wa jike wangu bora kabisa aliyezaliwa na dume wa damu ngeni, na huyo pia humpa muda mpaka mwisho wa msimu wake wa pili wa viunzi.